Begi tupu linakula nusu ya kilo zangu, nichague lipi?

Shikamoo anti,

Naomba nikusumbue na jambo ambalo wengine wataliona dogo ila mimi limeshaniondolea kabisa raha ya kusafiri. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, kwa mwezi natoka mara moja, saa nyingine mara mbili, siku nne au tano hivi. Nakaa ghorofa ya nne na lifti hakuna, kwa hiyo naanza na ngazi, halafu basi mpaka eapoti, halafu ndege, nikishuka basi lingine tena, na mwisho natembea kama dakika kumi na tano kwenye njia ya kokoto mpaka ninapofikia. Tiketi ninayokatiwa na ofisi ni ya begi moja tu la kuingia nalo ndani ya ndege, kilo 7, ukitaka begi la kwenda chini unalipia na hiyo hela inatoka mfukoni mwangu.

Safari iliyopita wakaamua kupima mabegi getini. Langu likasoma 10.4. Nikaambiwa nipunguze au nilipe. Anti, nilipiga magoti nikafungua begi pale chini katikati ya foleni, nguo zangu za ndani zote watu wanaziona, nikavaa sweta mbili, laptopu nikaikumbatia kifuani, bado likazidi, mwisho nikalipa na machozi yananilenga. Niliporudi nyumbani nikalitoa kila kitu nikalipima likiwa tupu. Kilo 3.9! Yaani miaka yote nimekuwa nabeba begi, sio vitu.

Sasa nataka kubadilisha ila kila mtu ana lake. Kaka yangu mkubwa amenionea huruma anataka kuninunulia sutikesi ya gamba gumu ya magurudumu manne, anasema ni nyepesi sana, nimeangalia imeandikwa kilo 2.4. Mwenzangu kazini ana kile kibegi kinachokunjwa kinakuwa kama pochi, gramu 400 tu, anasema nisihangaike nichukue hicho. Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria begi la mgongoni lakini naogopa vitu viwili. Bega langu la kulia linauma, lilianza zamani nilipokuwa nabeba begi la kamba moja, nikibeba kitu kizito kwa muda linawaka moto mpaka shingoni. Na la pili, naingia kwenye vikao na wakurugenzi, sitaki kuonekana kama mwanafunzi anaenda shule.

Laptopu na chaja yake peke yake ni kilo 2.3 na siwezi kuiacha. Nisaidie anti, kaka anasubiri jibu na sitaki kumvunja moyo.

Mimi mdogo wako, Bega Linauma

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa yale ya kwenye foleni, hakuna mtu anapenda kufunguliwa begi mbele za watu, na sio jambo dogo hata kidogo, mtu anayesafiri kila mwezi begi lake ni kama viatu vyake, likikosea linamuumiza kila hatua.

Umeshafanya kitu ambacho wengi hawafanyi, umelipima tupu. Sasa twende na hesabu maana wewe ni mtu wa hesabu. Begi lilikuwa 10.4, tupu ni 3.9, kwa hiyo vitu vyako ni kilo 6.5. Toa laptopu na chaja 2.3 zinabaki 4.2 za nguo, viatu, vipodozi na makaratasi. Kwa safari ya siku tano hiyo wala sio mizigo ya kutisha, kwa hiyo acha kujilaumu kwamba unabeba sana. Shida ni kwamba kwenye ruhusa ya kilo 7 ulikuwa unaingia na 3.9 za begi na 2.3 za laptopu, zimebaki gramu 800 za kujivalisha siku tano. Gramu 800 ni kama suruali nzito moja na kisweta. Hakuna namna ungepita.

Sasa weka begi la kaka hapo. 2.4 ongeza 6.5 unapata 8.9. Bado unazidi kwa karibu kilo mbili, getini unapiga magoti tena. Simaanishi kaka kadanganywa, 2.4 kwa sutikesi ya gamba yenye magurudumu manne ni nyepesi kweli, nyingi zinaenda 3 na kuendelea. Ila neno nyepesi kwenye tangazo huwa linalinganisha sutikesi na sutikesi nyingine, halilinganishi na tiketi yako. Yale magurudumu, mabomba ya mshikio wa kuvuta na fremu inayoyashika ndo yanakula uzito, na hata watengeneze gamba jembamba vipi hivyo vitu lazima viwepo.

Halafu kuna barabara yako. Magurudumu ni mazuri mno mahali palipotengenezwa kwa ajili yake. Mwaka 1972 Mmarekani Bernard Sadow alipewa hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya sutikesi ya magurudumu, ikavutwa na kamba, halafu 1987 rubani Robert Plath wa Northwest Airlines akatengeneza ile ya kusimama yenye magurudumu mawili na mshikio mrefu ambayo leo kila mtu anaijua. Rubani, yaani mtu ambaye siku yake nzima inapita kwenye sakafu laini za eapoti na hotelini. Wewe sakafu laini unayo labda nusu saa ya safari nzima, kilichobaki ni ngazi za ghorofa nne, milango ya basi mbili na dakika kumi na tano za kokoto. Vigurudumu vinne vidogo kwenye kokoto havizunguki, vinakwama, kijiwe kinaingia, utanyanyua sutikesi nzima kwa mkono mmoja, na najua utanyanyua na mkono gani, ule wa kulia wenye bega bovu. Mimi begi huwa nalichagua kwa kuangalia kipande kibaya kuliko vyote cha safari, sio kile kizuri, maana kwenye kile kizuri begi lolote linaenda.

Kile cha gramu 400 cha mwenzako nacho nakiheshimu, mimi mwenyewe ninacho na kinanisaidia nikishafika, naenda nacho huku na kule. Lakini kwa safari yako hapana. Hakina kitu cha kushika mgongo, kamba zake ni nyembamba kama utepe, ukitia laptopu na nguo kinakuwa gunia, kona ya chaja inakuchoma kwenye mbavu na kilo zote zinaning'inia kwenye mabega. Begi ambalo mizani inasema jepesi na mwili unasema zito ni zito hilo, mwili ndo unaolibeba.

Ndo maana nakwambia usikimbie begi la mgongoni kwa sababu ya bega. Wewe uliumizwa na begi la kamba moja, kilo zote zinashuka upande mmoja, shingo inapinda kulifidia, ni tofauti kabisa na begi lenye mkanda wa kiunoni unaofanya kazi. Nasema unaofanya kazi kwa sababu mabegi mengi yana kautepe tu ka kufunga tumboni ili begi lisicheze, hako hakabebi kitu. Mkanda wenyewe unatakiwa uwe mpana, una sponji, na unakaa juu ya ile mifupa ya nyonga, sio tumboni. Ukikaa pale uzito mkubwa unahamia kwenye nyonga na miguu ambayo ndo ina nguvu, mabega yanabaki yanalishikilia tu lisianguke nyuma. Kuvaa kwake kuna mpangilio na watu wengi wanaanza kinyume: legeza kamba zote kwanza, vaa, funga mkanda wa kiunoni ukaze, ndipo uvute kamba za mabega mpaka ziguse tu, mwisho kale kamkanda ka kifuani. Ukianza na mabega umeshayapa mzigo wote na kiuno hakipati kitu.

Kitu kingine ambacho wauzaji wengi hawakisemi ni urefu wa mgongo, na huo hauendani na urefu wa mtu. Inamisha kichwa, papasa ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, mtu akupime kutoka pale mpaka usawa wa juu ya mifupa ya nyonga, ndo kipimo chako. Begi lenye mgongo mrefu kuliko wako mkanda utashukia makalioni, lenye mgongo mfupi mkanda utakaa tumboni, na vyote viwili vinarudisha mzigo kwenye mabega. Kuna yanayorekebishwa na kuna yaliyokatwa kwa miili ya wanawake, mabega membamba na mkanda uliopinda kidogo, yajaribu hayo kwanza.

Ujazo nakushauri lita 30 mpaka 38. Ukienda 45 utalijaza, niamini, begi huwa halibaki na nafasi wazi, mtu ataona pengo ataongeza kiatu. Na lifunguke zipu pande zote kama sutikesi, sio lile la kutumbukizia vitu kutoka juu, maana utatafuta soksi mpaka chini. Vipimo vya nje mashirika mengi yanataka kitu karibu na sentimita 55 kwa 40 kwa 20, mengine 56 kwa 36 kwa 23, kwa hiyo soma tiketi yako yenyewe usichukue neno la mtu, na ukipima pima likiwa limejaa na mifuko ya mbele imevimba kwa sababu wao wanapima hivyo, magurudumu na mishikio vyote ndani ya hesabu.

Uzito wa begi la namna hiyo tupu tafuta kati ya kilo 1 na 1.4. Chini ya hapo, kwa nilivyoyashika mimi, mara nyingi wamepunguza kile kile unachokihitaji, wametoa kibao cha mgongoni au wametoa sponji ya mkanda. Kwenye kitambaa utakuta namba na herufi D, ni denia, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000, namba ikiwa kubwa uzi ni mnene na begi ni zito. Watu wanaona 1680D wanafurahi, mwanangu hiyo ni ya mzigo unaotupwa na kuburuzwa, la kukaa juu ya kichwa chako kwenye ndege halihitaji hayo. Nailoni ya 210D yenye vile vimraba vidogo vya nyuzi nene vinavyozuia tundu lisiendelee kuchanika, au 420D sehemu ya chini inayogusa ardhi, inatosha kabisa na inakuokolea gramu nyingi. Nailoni kwa polista, zikiwa na unene sawa nachukua nailoni inavumilia msuguano zaidi. Geuza begi ndani pia uangalie ule utando wa kuzuia maji, kama unanata au unabanduka ungaunga hilo begi limekaa stoo muda mrefu kwenye joto na unyevu, liache hata kama ni la bei ya chini.

Sehemu ambayo sikubali mtu apunguze gramu ni zipu. Kitambaa kikitoboka unashona, zipu kuu ikifa umeshika gunia lililo wazi. Angalia nyuma ya kichwa cha zipu, mara nyingi kuna namba, 5 au 8 au 10, ni karibu upana wa meno kwa milimita yakiwa yamefungwa, kwa zipu kuu nataka 8 au zaidi, mifuko midogo 5 inatosha. Ifungue na kuifunga mara kumi hasa pale kwenye kona, ikikwama dukani likiwa tupu itakwama zaidi limejaa. Halafu vuta kamba za mabega pale zilipoungana na begi, uone kama kuna mshono wa zigizaga uliorudiwarudiwa, ukiona mstari mmoja tu wa uzi lirudishe.

Sasa hilo la kuonekana mwanafunzi. Nalielewa, na wala sio majivuno, ukiingia kwenye chumba cha watu wanaokukadiria kwa macho unataka kuingia vizuri. Yapo mabegi ambayo kamba za mgongoni zinaingia nyuma ya kifuniko chenye zipu zinapotea, na yana mshikio ubavuni, unafika mlangoni unazificha, unalishika mkononi kama begi la ofisi. Chagua jeusi au la kijivu lisilo na makamba yanayoning'inia nje wala nembo kubwa. Hicho kifuniko kinaongeza gramu kidogo na kwako wewe nasema zinafaa, sio kila gramu ni adui.

Kabla hujang'oa lebo fanya jaribio langu moja. Chukua chupa sita za maji za lita moja, lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una kilo 6 kamili. Zizungushie taulo usiumie, zitie kwenye begi, zikae karibu na mgongo na katikati, sio chini kabisa wala nje, kwa sababu mzigo ukikaa mbali na mgongo unakuvuta nyuma na bega ndo linalouzuia. Panda na kushuka ngazi zako hizo ghorofa nne, halafu tembea dakika ishirini. Kama bega linawaka na mkanda upo mahali pake, hilo begi sio lako, rudisha ujaribu lingine, kwa hiyo nunua mahali wanapokubali kurudishiwa. Na hilo bega lenyewe mdogo wangu, kama vidole vinakufa ganzi au maumivu yanakuamsha usiku nenda kwa daktari au mtu wa fiziotherapia kabla ya kununua chochote, begi halitibu.

Nikuambie ukweli mwingine usije ukanilaumu. Ukichukua begi la kilo 1.2, ongeza 6.5 zako, unapata 7.7. Bado gramu 700. Begi limekuondolea sehemu kubwa ya tatizo ila hizo 700 lazima uzitoe wewe. Viatu vizito na koti vaa safarini usivipakie. Vipodozi hamishia kwenye vichupa vidogo, safari nyingi za ndege hawaruhusu chombo kinachozidi mililita 100 kwenye begi la ndani kwa hiyo chupa kubwa ungenyang'anywa hata hivyo. Angalia kama chaja moja ndogo inaweza kuchaji laptopu na simu yote. Taulo nene acha. Makaratasi piga picha ubaki nayo kwenye simu. Na vile vifuko vya zipu vya kubana nguo usidanganyike navyo, vinabana nafasi, kilo havipunguzi hata moja, tena vinakufanya uingize nguo zaidi, nimeona watu wengi wamezidishiwa uzito kwa ajili yake. Mashirika mengine yanaruhusu pia kamfuko kadogo ka kuweka chini ya kiti, mengine kanahesabiwa ndani ya kilo zile zile, hilo nalo lipo kwenye tiketi. Nyumbani kama huna mizani ya kuning'iniza, panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa na begi, panda tena bila begi, toa.

Ukiwa na pawabanki iweke mfuko wa juu unaofikika. Ndege zikijaa wanaweza kulichukua begi lako getini liende chini, na pawabanki hairuhusiwi kwenda kule kwenye mizigo, lazima ibaki na wewe. Isizidi wati-saa 100, ndo kipimo cha umeme inaohifadhi, ile ya 20,000 mAh ya kawaida ni kama 74 kwa hiyo ipo salama.

Kuhusu kaka. Usimwambie hapana kwenye simu akiwa ameshafurahi. Mwite nyumbani, mpe ile karatasi ya hesabu, 2.4 na 6.5 na 7, mtu aliyekuonea huruma akiona mwenyewe hataumia. Halafu mwombe mwende wote dukani, yeye ndo akupime mgongo na akuvutie kamba za nyuma maana mwenyewe huzifikii vizuri, na kama bado anataka kununua basi anunue hilo, zawadi yake itapanda ngazi na wewe kila mwezi. Sutikesi yako ya 3.9 usiitupe, siku ukikatiwa tiketi ya kilo 23 za chini itakufaa, kule uzito wake hautaumiza mtu, ila ukiipakia weka vitu vizito upande wa magurudumu isiangukeanguke.

Ukishapata andika tena uniambie mizani ya getini imesoma ngapi.